Rolls-Royce iliyokwenda vitani: gari la anasa lilivyogeuzwa kuwa gari la deraya

Kuna picha ya zamani ambayo hurudi mara kwa mara katika makundi ya wapenda magari: gari refu la chuma, rangi moja tupu kuanzia mbele hadi nyuma, juu yake kibanda cha mviringo kilichochomoza mdomo wa bunduki, na chini yake maelezo mafupi kwamba hiyo ni Rolls-Royce. Hapo ubishi huanza. Mmoja husema ni kifaru. Mwingine hushikilia kwamba kampuni hiyo ilikuwa ya silaha kabla ya kuanza kuuza magari ya matajiri. Wa tatu huuliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje gari linalosifiwa kwa viti vya ngozi na ukimya wa injini lipelekwe kupigana kwenye jangwa la Libya, Uarabuni, na hata katika nyika zilizo kati ya Voi na Taveta. Swali la huyu wa tatu ndilo linalostahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa jibu lake, ubishi mwingine wote unajimaliza wenyewe.

Tuanze na maneno. Deraya ni vazi la chuma walilovaa wapiganaji wa kale kukinga mwili dhidi ya upanga na mkuki. Gari la deraya, basi, ni gari la magurudumu ya kawaida lililovikwa mabamba ya chuma ili walio ndani wasidhurike kwa risasi za bunduki. Kifaru ni kitu kingine: hakina matairi, bali hutambaa juu ya minyororo ya chuma, na kilibuniwa mahsusi ili kivuke mahandaki na seng'enge ambazo gari la matairi haliwezi kuzivuka. Vifaru vilitumika vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa, wakati ambapo Rolls-Royce za deraya zilikuwa zimeshapigana kwa karibu miaka miwili. Kinachoonekana kwenye ile picha ni gari la deraya.

Neno la tatu ni chasi, na hili ndilo ufunguo wa habari yote. Msomaji wa Afrika Mashariki analo tayari, hata kama hajawahi kulifikiria kwa namna hii. Mtu anayetaka basi la abiria mara nyingi hununua chasi: fremu ya chuma, injini, giaboksi, ekseli, usukani na magurudumu, bila ukuta, bila paa, bila kiti cha abiria hata kimoja. Aliyewahi kusafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi huenda amekutana na mifupa hiyo ikiendeshwa kutoka bandarini, dereva akiwa ameketi peke yake mbele, upepo ukimpiga pande zote. Chasi ikifika hupelekwa kwa mafundi wa bodi, nao huijengea basi kwa kadiri mwenye mali anavyotaka. Injini inayofanana kabisa inaweza kuishia chini ya basi la kifahari la safari ndefu au chini ya lori la kubeba mchanga.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya anasa ya Uingereza yaliuzwa hivyo hivyo. Rolls-Royce, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1906, haikuwa ikiuza gari zima. Kiwanda chake, ambacho tangu mwaka 1908 kilikuwa Derby, kilitengeneza chasi tu, na kabla ya vita chasi hiyo peke yake iliuzwa kwa pauni 985, fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza hakuweza kuiota. Mnunuzi aliichukua kwa mafundi wa bodi wa London kama Barker au Hooper, na hao ndio walioweka viti vya ngozi, mbao zilizong'arishwa, mapazia na taa za shaba. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu ambacho sisi leo tunakiita anasa kilikuwa kazi ya mtu mwingine, na kiliweza kung'olewa bila kuigusa mashine yenyewe. Vita vilipokuja, walioihitaji mashine hiyo waliivua nguo zake za karamu wakaivisha deraya.

Kwa nini hasa chasi hii? Jibu rahisi ni kwamba ilikuwa imara kupita kiasi. Aina iliyochukuliwa ilijulikana kiwandani kama 40/50, na watu wakaizoea kwa jina la Silver Ghost, lililotokana na gari moja la maonyesho lililopakwa rangi ya fedha. Mwaka 1907 gari hilo liliendeshwa usiku na mchana maili 14,371, yaani zaidi ya kilomita 23,000, bila kusimama kwa hitilafu. Injini yake ya silinda sita ilifikia ujazo wa cc 7,428, karibu mara tano ya Probox yenye injini ya cc 1,500, na ilizunguka polepole ikitoa nguvu nyingi tangu mwanzo, bila kuhitaji kupigwa mafuta mpaka ipige kelele. Injini ya namna hiyo huvuta mzigo kama punda mzee anayeujua mlima: haina haraka, lakini haikati tamaa.

Uimara huo haukupatikana mezani tu. Mwaka 1912 gari la aina hii lilishiriki mashindano ya milima ya Alps nchini Austria, likasimama kwenye mteremko mkali wa Katschberg na kushindwa kuondoka tena, kwa sababu giaboksi yake ya gia tatu haikuwa na gia ndogo ya kutosha. Kwa mtengenezaji aliyejiita bora duniani, ilikuwa aibu. Mwaka uliofuata kampuni ilirudi na chasi iliyobadilishwa, yenye gia nne na mfumo wa kupoza injini ulioboreshwa. Naliona tukio hilo kuwa muhimu kuliko linavyotajwa, maana ndipo gari lililoundwa kwa barabara za Uingereza lilipofundishwa kwenda ugenini: mlima mrefu, joto na barabara mbovu. Lilijifunza hayo mwaka mmoja tu kabla ya vita.

Uingereza iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza Agosti 1914, na mwanzo wa magari ya deraya ulikuwa wa bahati zaidi kuliko mpango. Kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, chini ya Charles Samson, kilikuwa Dunkirk kaskazini mwa Ufaransa. Ndege za wakati ule zilianguka mara kwa mara, na Samson alihitaji magari ya kukimbilia marubani walioanguka na kupeleleza barabara ambazo Wajerumani walikuwa wakizipita. Alianza na magari ya watu binafsi yaliyoletwa na maofisa wenyewe. Kisha akapeleka baadhi yake kwenye kiwanda cha meli mjini hapo yakagandikwe mabamba ya chuma ya kutengenezea matangi ya mvuke. Mabamba hayo hayakutosha, kwa kuwa risasi iliyopigwa kutoka karibu iliyatoboa, na gari lilikuwa wazi juu, hivyo mtu aliyekuwa ghorofani au mtini aliwaona wote waliokuwa ndani. Lakini wazo lilikuwa limethibitika. Gari lenye mbio na bunduki, katika nchi ambayo majeshi bado yanatembea, lilikuwa na thamani kubwa.

Wizara ya Majini, ambayo wakati huo iliongozwa na Winston Churchill, ikachukua chasi za Rolls-Royce zilizopatikana na kuandaa mchoro kamili. Gari la kwanza la mtindo huo lilikabidhiwa Desemba 1914. Hapa inafaa tuondoe dhana moja: kampuni yenyewe haikubuni silaha hiyo. Ilitoa chasi, mchoro wa deraya ulikuwa wa jeshi la majini, na mabamba yalitoka kwa wafua chuma. Wala Rolls-Royce haikuwa peke yake. Wabelgiji walivisha deraya magari yao ya anasa ya Minerva, na Waingereza waliivisha pia chasi ya Lanchester, ambayo baadaye ilipelekwa hadi Urusi.

Je, ni nini hasa kilibadilishwa? Kwanza uzito. Mabamba yenye unene wa karibu sentimita moja, kibanda cha mviringo kinachozunguka, na bunduki ya rashasha aina ya Vickers, ambayo kwa Kiswahili cha enzi hizo iliitwa bombomu, vililifanya gari lizidi tani 4. Chasi iliyokusudiwa kubeba bodi ya mbao na abiria wachache ilibebeshwa karibu maradufu. Springi ziliongezwa nguvu, na magurudumu ya nyuma yakafungwa mawili mawili kila upande kama ya lori. Fremu yenyewe, injini na giaboksi havikuhitaji kubuniwa upya, na hilo peke yake linaeleza ubora wa kazi ya Derby kuliko tangazo lolote. Breki, hata hivyo, zilibaki za magurudumu ya nyuma tu, maana chasi hiyo haikupata breki za mbele mpaka miaka ya 1920. Ukifikiria tani 4 zikishuka mteremko wa mawe kwa breki za nyuma peke yake, utaelewa kwa nini dereva aliyeiweza kazi hiyo alithaminiwa.

Jambo la pili lilikuwa joto. Rejeta ni sehemu laini kuliko zote, kwani risasi moja inatosha kuimwaga maji na kulisimamisha gari mbele ya adui. Ukiifunika kwa chuma, injini inachemka. Ukiiacha wazi, inatobolewa. Suluhisho lilikuwa milango ya chuma mbele ya rejeta, ambayo dereva aliifungua na kuifunga akiwa ndani. Gari likiwa safarini milango ilikuwa wazi ili upepo upite. Risasi zilipoanza, aliifunga, na tangu hapo alikuwa na muda wa kuhesabu kabla maji hayajachemka.

Jambo la tatu, ambalo huachwa na wengi wanaoandika habari hizi, lilikuwa dereva mwenyewe. Katika gari la tajiri dereva alikaa juu, akiona barabara yote. Ndani ya deraya kichwa kilicho juu ni kichwa kilichokufa, kwa hiyo kiti kiliondolewa. Dereva alikaa chini sakafuni juu ya mkeka, mgongo ukiegemea mkanda, akiitazama dunia kupitia upenyo mwembamba wa chuma. Nyuma ya kichwa chake mpiga bombomu alikuwa akizunguka na kibanda, na maganda ya moto ya risasi yakidondoka. Watu watatu waliishi humo kwa saa nyingi pamoja na moshi, mafuta na joto la injini ya lita saba.

Wapo wanaodhani kwamba kulipeleka gari nchi ya kigeni kulimaanisha kuuhamisha usukani. Hapana. Usukani ulibaki kulia hata Ufaransa, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa gari la vita jambo hilo halikuwa na uzito, kwa sababu halipishani na magari mengine sokoni. Tena kuuhamisha si kung'oa gurudumu la usukani na kulipachika upande wa pili. Katika chasi ile vishikio vya gia na breki ya mkono vilikuwa upande wa kulia, vikiungana na vyuma vinavyokwenda hadi giaboksi na magurudumu ya nyuma. Kuhama kwa kimoja kulidai vyote vihame. Ndiyo maana hata Rolls-Royce ilipofungua kiwanda huko Springfield, Marekani, mwaka 1921, iliendelea kwa miaka kadhaa kuwauzia Wamarekani magari ya usukani wa kulia kabla ya kupanga upya vishikio hivyo na kuuhamishia kushoto.

Dhana nyingine inayohitaji kunyooshwa ni ile ya gari lisilopenya risasi. Deraya ile ilizuia risasi za kawaida za bunduki na vipande vidogo vya mabomu. Haikuzuia mzinga. Matairi yalikuwa ya upepo na yalikuwa nje, hayana kinga. Bamba halifanyi mtu asidhurike; linampunguzia tu orodha ya vitu vinavyoweza kumuua. Na adui mkubwa kuliko mzinga alikuwa ardhi yenyewe. Kufikia mwisho wa mwaka 1914 pande zote mbili huko Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimejichimbia mahandaki kutoka baharini hadi mpakani mwa Uswisi, na gari la matairi halikuwa na kazi tena hapo. Ndipo vikosi vilipopelekwa mbali, kwenye nchi zenye nafasi.

Kimoja kilikwenda Afrika. Tarehe 26 Aprili 1915 magari hayo yalisaidia kuwarudisha nyuma Wajerumani kwenye mapigano ya Trekkopjes, katika nchi ambayo leo ni Namibia, mahali pakavu na pa wazi ambapo bombomu iliyo juu ya gari iliona mbali. Baadaye mwaka huo huo Rolls-Royce za deraya zililetwa kwetu, zikafanya doria kwenye eneo la Maktau, kando ya reli ya kijeshi iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na zikawa sehemu ya jeshi lililovuka mpaka kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916.

Anayeijua nchi hiyo hahitaji kuelezwa kilichofuata. Miba ya migunga hutoboa matairi. Nyasi ndefu na vichaka humficha adui hatua chache tu kutoka barabarani, na upenyo wa dereva hauonyeshi kitu. Vumbi jekundu huziba kila tundu. Na mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa mbugani, hata pikipiki ya leo hukwama, sembuse tani 4 za chuma. Masika ya mwaka 1916 yalikuwa makubwa, na askari waliokuwa wamefika Kondoa walikatika na chakula chao kwa sababu hakuna gari lililoweza kupita nyuma yao. Gari bora kuliko yote duniani halikuweza kwenda mahali ambapo mtu mwenye mzigo kichwani alikwenda.

Hapo ndipo watu wetu walipolipa. Kazi ambayo magurudumu yaliishindwa waliibeba wapagazi, mamia kwa maelfu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, na waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa si chini ya 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na masikio ya Waswahili yakalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Soko la Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor wa Nairobi vimelibeba hadi leo. Ninalitaja hili kwa sababu picha za magari hayo husambazwa kana kwamba yaliendesha vita hivyo, na kwa upande wa Afrika Mashariki hilo si kweli hata kidogo.

Jangwani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mchanga mgumu na nyanda za mawe madogo ni kama barabara isiyo na mwisho, na huko Rolls-Royce ilipata makazi yake. Machi 1916 Duke wa Westminster, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha magari hayo, aliongoza msafara wa takriban kilomita 190 ndani ya jangwa la Libya hadi Bir Hakeim, akawakomboa mateka 91, wengi wao mabaharia wa meli ya HMS Tara iliyozamishwa Novemba 1915. Ngamia wangetumia siku kadhaa. Magari yalifika siku hiyo hiyo.

Uarabuni, katika miaka ya 1917 na 1918, T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu walioasi, aliyatumia dhidi ya reli ya Waturuki, yale ya deraya pamoja na mengine ya wazi yaliyobeba petroli na baruti. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi, Septemba 1918, kishikio cha springi ya nyuma cha gari lake kilivyovunjika adui akiwa karibu. Dereva wake aliyekuwa hana msumeno alikata ubao kwa kuupiga risasi mfululizo kwenye mstari mpaka ukakatika, wakaukaza chini ya fremu kwa kamba na waya, na gari likaendelea na kazi mpaka Damascus. Fundi yeyote wa gereji ya kando ya barabara ataitambua kazi hiyo. Chasi inayokubali kutengenezwa kwa ubao na kamba, ikaendelea kwa majuma, ina sifa ambayo haipo kwenye orodha ya bei.

Kabla sijafika mwisho, neno kwa wanaochanganya majina. Kampuni ya Rolls-Royce inayotengeneza injini za ndege na ile inayotengeneza magari ya kifahari si moja tena. Zilikuwa moja tangu injini ya kwanza ya ndege ilipoundwa wakati wa vita hivyo hivyo, lakini kampuni ilifilisika mwaka 1971 na upande wa magari ukatenganishwa, nao tangu mwaka 2003 magari yenye jina hilo hutengenezwa chini ya BMW ya Ujerumani.

Magari ya deraya yenyewe yaliishi kuliko ilivyotarajiwa. Yalirekebishwa miaka ya 1920, yakatumika Ireland, Misri na Iraki, na Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika Kaskazini mwezi Juni 1940 Waingereza waliovuka mpaka kuingia Libya walikuwa bado nayo, safari hii kibanda kikiwa wazi juu na bunduki ya kutoboa deraya ikiwa imeongezwa. Fremu za zamani zilikuwa zimechoka. Mafundi huko Misri wakayafungua baadhi ya magari hayo, wakanyanyua deraya nzima, na kuiweka juu ya chasi za malori ya Fordson. Vazi lililoshonwa kwa ajili ya Rolls-Royce lilimaliza kazi yake mgongoni mwa lori.